Fomu na Kuku wa Mgeni

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kuulizia hali za kuku. Ukilisema hilo mbele za watu Tunduma wanacheka, na mwanzoni nilicheka nao. Baadaye nikawa nasema tu kwamba niko kampuni ya mahoteli. Wakadhani ni mpishi, nikawaacha wadhani.

Wakati huo Songwe haijawa mkoa, sote tukihesabiwa Mbeya, na barabara kuu ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Malori yalipanga foleni kungoja kuvuka mpaka wa nchi kwenda Nakonde, madereva wakakaa siku mbili tatu, na mtu anayekaa lazima ale. Kampuni ikafungua mahoteli yake kando ya barabara, moja baada ya jingine, yote rangi ileile, yote kuku wa kukaanga na kuku wa kuchoma. Kisha wakaingia wenye hisa kutoka nje, nao wakaja na masharti. Kuku tunayemnunua awe ameishi vizuri. Awe na maji kutwa nzima, kivuli, maranda makavu ya kulalia na nafasi ya kukunjua mabawa. Asibebwe kichwa chini. Asifungwe miguu.

Mtu wa kuhakikisha hayo nilikuwa mimi. Nilikuwa na cheti cha mifugo, pikipiki ya kampuni na fomu yenye maswali ishirini na nane, kila swali na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Nilizaliwa Singida, kwa hiyo kuku nawajua. Nakiri pia kwamba tangu utoto nimewabeba kwa miguu, watano mkono huu na watano ule, vichwa vinaning'inia, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna lolote wanaloona huko chini. Lakini ukishalipwa kutazama kitu, unaanza kukiona. Miezi sita haikupita nikawa siwezi kupishana na baiskeli iliyotundikwa kuku bila kugeuza shingo. Wenzangu wakaniona nimechanganyikiwa.

Hayo yote yangevumilika. Lililonikondesha ni sharti jingine, lililoandikwa nyuma ya fomu kwa herufi ndogo, kwamba mkaguzi asile, asinywe wala asipokee chochote kwa mfugaji. Waliona hiyo ndiyo njia ya kuzuia rushwa. Aliyeliandika hakuwahi kufika Mbozi. Unafika kwa watu saa nne asubuhi, kuna ukungu na baridi ya msimu wa kuchuma kahawa, mama wa nyumba amekwisha kukuvutia kigoda na moto umechochewa. Unamwambia sitakula. Anadhani unaona haya. Anakuletea maji, unakataa maji, kisha unatoa chupa yako mwenyewe kwenye begi na kunywa mbele yake. Nilifanya hivyo nyumba kwa nyumba, kutoka Mlowo mpaka mabonde ya ndani, na haukupita muda likanifuata neno kwamba yule bwana wa kuku anaogopa kulishwa sumu. Ukishawaonyesha watu kwamba unawahofu hivyo, huna tena unalobaki nalo kwao. Walinijibu maswali yangu ishirini na nane kwa adabu, wakanisindikiza hadi kwenye pikipiki, na nilipowasha nilisikia maongezi yakianza nyuma yangu.

Mwezi wa Ramadhani ndio uliokuwa mwezi wangu wa kupumzika. Nikisema nimefunga, wanaelewa, wananihurumia hata, na hakuna aliyekasirika. Jioni nilirudi Tunduma nikafuturu peke yangu, tende na chai, kwenye chumba kilichotazama ukuta wa ghala. Wapangaji wenzangu walikuwa wafanyabiashara wa kila pembe, Wapemba wenye vitambaa, Wakinga wenye maduka, na kila mmoja alikuwa na watu wake wa kula nao. Mke wangu alibaki Singida kwa muda. Muda ukarefuka, na mwisho akaniletea neno kwamba amechoka kungoja, nikampa talaka. Nilikuwa mpweke, sina njia nyingine ya kulisema.

Nyumba moja tu haikunifanya nijione mkaidi. Ilikuwa Nanyala, juu kidogo ya barabara kuu, kwa mama mmoja mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye migomba, kahawa kidogo na banda la kuku kama mia moja. Siku ya kwanza aliniletea mahindi ya kuchemsha. Nikamsomea sharti. Akalisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na mimi nimekatazwa kula?"

"Wewe hujakatazwa, mama."

"Haya. Basi mimi nitakula, wewe nitakusimulia."

Akakaa kwenye kigoda cha pili, akaumega muhindi ule taratibu, akanieleza kwamba ni wa shamba la chini, bado laini, una chumvi kidogo, na punje za huku mwisho ni tamu kuliko za katikati. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tangu siku hiyo kila nilipofika alikula kwa ajili yangu. Alinisimulia maharage, alinisimulia viazi, alinisimulia chai ya tangawizi mpaka nikaihisi kooni. Alizungumza Kiswahili chenye uzito wa Kinyiha, na aliniita baba, kama mama anavyomwita mwanawe wa kiume akiwa amefurahi naye. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo upande wote ule.

Kwake sharti la kuku halikuwa mzigo. Mama huyu hakusoma. Kaka zake walipelekwa shule, yeye akabaki na majembe, na kumbe kiu ya kusoma alikuwa nayo miaka yote. Fomu yangu aliichukulia kama mtihani. Nilipomfundisha kumbeba kuku kifuani, mkono mmoja chini ya tumbo na mwingine juu ya mabawa, alirudia mara tatu nne huku akiniangalia kama nimeridhika, kisha akawafundisha majirani, na aliyemkuta njiani ameshika kuku kwa miguu alimsimamisha. Kila nikimaliza aliuliza, "Nimefaulu?" Nikamwambia umefaulu mama, na nikampa nakala yake. Alizibandika ukutani kwa uji wa unga, moja pembeni ya nyingine, karibu na kalenda ya kanisa. Zilikuwa sita, zote Ndiyo tupu, na kila mgeni alionyeshwa.

Ndipo ikaja habari kwamba mkubwa wa ubora atatoka makao makuu kukagua wafugaji, na kwamba atakayeanguka hata swali moja ataondolewa siku hiyohiyo. Nikachagua waanze na Nanyala. Nilijua hapo hakuna dosari. Nilitaka pia, sitaficha, kumwonyesha mtu kitu nilichokuwa najivunia, kwa sababu ripoti zangu mpaka hapo hazikuwahi kusomwa na yeyote ninayemjua.

Mkubwa alikuja na gari jeupe. Alikuwa mtu wa nchi za kusini, mpole, mwenye buti safi, asiyejua Kiswahili zaidi ya asante. Mama alikuwa amefagia uwanja mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Akatupokea kwa kupiga goti, akatupeleka bandani. Mkubwa alishika maranda, akayanusa. Alionja maji kwa kidole. Alisimama akiwatazama kuku wakitifua, na nikaona uso wake unalegea. Maswali yote ishirini na nane yakapita Ndiyo. Tukarudi uwanjani kuagana.

Mama akasema, "Ngojeni kidogo, baba," akaingia ndani.

Huko Unyiha, mgeni mwenye heshima hawezi kuondoka mikono mitupu. Akiwa na nafasi anachinjiwa, anakaa, anakula. Akiwa na safari, asiyeweza kungoja chungu kiive, anapewa kuku mzima mzima, amefungwa miguu ili asimsumbue njiani. Kumpa mtu kuku asiyefungwa ni kumpa adha ya kumkimbiza. Mimi nililijua hilo, nimeishi kwao. Na nililijua sharti. Vitu hivi viwili vilikuwa kichwani mwangu miaka yote, na haikunijia hata siku moja kwamba vitakutana.

Alitoka amebeba ungo. Ndani ya ungo amelala jogoo mwekundu, mzuri kuliko wote bandani, miguu imefungwa kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa. Baadaye niliwaza sana juu ya kitambaa hicho. Wengine hufunga kwa kamba ya katani au ukambaa wa mgomba, ambao unachubua. Yeye alikuwa amechana shuka, akazungusha mara mbili, fundo akaliacha lilegee. Alikuwa akilikumbuka sharti kwa namna yake. Akapiga goti na kuunyanyua ungo kwa mikono miwili, mbele ya mkubwa.

Mkubwa akatazama miguu ya jogoo. Kisha akanitazama mimi, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini na bila hasira, kwamba hilo ni swali la kumi na tisa.

Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa fupi, tena lilikuwa kweli. Ningemwambia huyu si kuku wa kampuni, bwana, huyu ni wako, ni heshima unayopewa, na kitambaa hicho ukiangalia vizuri utaona jinsi alivyojali. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha. Lakini wiki mbili kabla nilikuwa nimeonywa kwa barua kwamba nina mazoea na wafugaji, na hapo hapo nikawaza chumba changu Tunduma, pikipiki, umri wangu, na nikaona nikimtetea nitaonekana nimehongwa kuku. Nikafungua fomu, nikafuta Ndiyo ya kumi na tisa na kuweka alama kwenye Hapana.

Mama bado alikuwa amepiga goti. "Amesemaje?" akaniuliza.

"Amesema asante."

"Amempenda?"

"Amempenda sana. Anasema tutampitia wakati wa kurudi, sasa tunakwenda mbali na jua ni kali."

Akafurahi mpaka akapiga kigelegele kidogo, cha chini, cha mtu mzima. Mkubwa akatabasamu naye, maana hakujua kilichosemwa, na tukaingia garini.

Tulikwenda kwa wafugaji wengine wawili upande wa mto, tukarudi saa kumi na moja. Barabara ya kurudi Tunduma ni hiyo hiyo, hakuna nyingine. Nilimwona kutoka mbali. Alikuwa amesimama kando ya lami, amevaa gauni lake la kanisani, na jogoo amemkumbatia kifuani, mkono mmoja chini ya tumbo na mwingine juu ya mabawa, kama nilivyomfundisha. Alikuwa amemfungua. Nadhani aliona tumechelewa akamhurumia, akataka amfunge tena tukishafika, kwa sababu kitambaa cheupe kilikuwa kimening'inia begani kwake. Alipolitambua gari akasogea mbele hatua moja. Dereva alimtazama mkubwa, mkubwa alikuwa anaandika. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Niliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Sikumpelekea barua. Alhamisi iliyofuata gari la kukusanya kuku lilipita Nanyala bila kusimama, na Alhamisi ya pili hivyohivyo. Ndivyo alivyojua kwamba ameondolewa. Mimi nilijipangia mizunguko ya Ivuna na kwingine, na nikiwa na safari ya Mbeya nilikaa upande wa pili wa basi nisione njia ya kwake. Nilikuwa nikijiambia nitakwenda mwezi ujao. Nilijiambia hivyo kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo hakuna aliyenisimulia chakula.

Kisha kampuni ikagundua kwamba kuku waliogandishwa wanaotoka nje huja na karatasi zao, zote Ndiyo, na hawahitaji mtu wa kuwaulizia hali. Wakanishukuru, wakachukua pikipiki. Nilikaa chumbani siku kadhaa nikisikiliza malori. Siku ya tano nikatoa begini ile fomu ya siku ya mkubwa, nakala ya mama, ambayo nilikuwa nimeikunja mara nne na sijawahi kuikunjua. Nikapanda basi mpaka Nanyala.

Alikuwa anaanika mahindi uwanjani. Amezeeka kidogo, miguu imemvimba. Banda lilikuwa limegeuzwa stoo ya majembe na magunia, na kuku waliobaki ni wachache, wa kujitafutia, wakizurura kwenye migomba. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanyanyuka, akaniletea kigoda kilekile, akakaa kwenye kingine. Tukaulizana habari za mvua, za kahawa, za majirani. Sufuria ilikuwa jikoni inatokota na harufu ya maharage ilikuwa imejaa uwanja. Hakuingia kunipakulia. Hakuniletea hata maji. Nilikaa hapo nikiwa na njaa ya tangu asubuhi, nikisema moyoni kwamba nimestahili, mtu wa namna yangu hapewi maji.

Kumbe sivyo. Baada ya muda akasema, "Usione kimya, baba. Nakumbuka sharti lako. Nisije nikakuharibia tena kazi kama nilivyokuharibia siku ile."

Nilidhani nimesikia vibaya. Miaka miwili mama huyu alikuwa akiamini kwamba yeye ndiye aliyenikosea mimi.

"Mama, kazi imekwisha," nikasema. "Wamenitoa. Na siku ile hakusema asante."

"Hilo nilijua. Mtu anayeshukuru anakuangalia usoni. Yule aliangalia miguu ya kuku." Akachezea punje za mahindi mkononi. "Ila sikujua kosa. Fomu ya mwisho hukuniletea."

Nikaikunjua, nikampa. Aliishika juu chini, nikamgeuzia. Akaniomba nimwonyeshe ni wapi. Nikaweka kidole kwenye kumi na tisa na kumsomea, kwamba kuku hafungwi miguu.

Ndani, kupitia mlango, niliziona zile sita bado ziko ukutani, zimekuwa za njano kwa moshi.

"Lakini yule hakuwa wa kampuni," akasema. "Alikuwa wa mgeni."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia. Niliogopa."

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Akainuka kwa kushika magoti, akaingia ndani, na nikasikia anabandika ile ya saba ukutani, anaigonga kwa kiganja mpaka ishike. Akatoka na sahani ya maharage na ugali, akaiweka mbele yangu, akakaa. Hakunisimulia. Nilikula mwenyewe, na yalikuwa na nazi ambayo huko juu ni adimu, na chumvi ilikuwa kidogo. Nilitaka kumwambia ladha yake kama alivyokuwa akiniambia yeye, lakini nikaendelea tu kumega ugali.

Nilipoaga akasema, "Ngoja kidogo, baba."

Akazunguka nyuma ya migomba. Alichukua muda, nikasikia akiwaita kwa punje. Akarudi na mtetea mweusi amemkumbatia kifuani, mkono mmoja chini ya tumbo na mwingine juu ya mabawa. Miguu ya kuku ilikuwa huru. Alinyoosha mikono kunipa namna hiyohiyo, kwa uangalifu, kama mwanafunzi anayerudia somo.

Sikumpokea. Nikamwambia, "Nifungie, mama. Mimi nina safari."

Alisimama hapo, kuku kifuani, akitafuta usoni mwangu kama nina maana nyingine. Kisha akakaa kigodani, akamweka kuku kwenye mapaja yake, akachana upindo wa khanga yake, akazungusha mara mbili na fundo akaliacha lilegee. Akapiga goti. Nami nikapiga goti, nikampokea kwa mikono miwili.

"Mkamle wote nyumbani," akasema.

"Tutamla, mama," nikamjibu.

Chumbani kwangu Tunduma kulikuwa na sahani moja.